Mahali pa Fowadi: Mautuma na Historia ya Ushambulizi katika Raga ya Magharibi mwa Kenya

Wadi ya Mautuma, iliyo katika eneobunge la Lugari upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, imezungukwa na miji mitatu ambayo kila mmoja una fungu lake katika historia ya raga nchini Kenya: Kitale upande wa kaskazini, Eldoret upande wa mashariki, na Kakamega upande wa kusini. Mwenyeji wa Mautuma anaweza kwenda katika mji wowote kati ya hiyo na kurejea kwake siku hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo eneo hili, ambalo wengi hulijua kwa mahindi yake, ni mahali pafaapo kwa yeyote anayetaka kutazama jinsi mchezo uliochezwa kwanza na walowezi wa Kizungu ulivyotoka mikononi mwao, ukaingia shuleni, na hatimaye ukapata makao katika nchi ya miwa. Simulizi hii haikusudii kueleza habari zote za raga katika nchi hiyo. Inafuata jambo moja tu, nalo ni mahali anaposimama fowadi wakati hana mpira, kwa kuwa hapo ndipo mafunzo ya kocha yanapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote uwanjani.

Timu ya raga ya wachezaji 15 hugawanyika makundi mawili. Wanane wa kwanza, wanaovaa jezi namba 1 hadi 8, ndio mafowadi, yaani wachezaji wa mbele, ambao kazi yao ya asili ni kuupigania mpira. Na saba waliobaki, namba 9 hadi 15, ndio mabeki, ambao tangu zamani wamehesabiwa kuwa watu wa mbio na pasi. Mafowadi hukutana na wapinzani wao katika skramu, ambayo ni msukumano wa watu wanane kwa wanane walioshikana na kuinamisha vichwa, na katika lainauti, ambapo mpira hurushwa kutoka mstari wa pembeni katikati ya safu mbili zilizosimama sambamba. Mchezaji mwenye mpira akiangushwa, na wenzake na wapinzani wakasukumana wakiwa wamesimama juu ya mpira ulio chini, hiyo huitwa raki. Lakini akibaki amesimama na mpira mkononi huku wengine wamemshika na kumzunguka, kundi hilo huitwa moli. Sheria moja inatawala mambo haya yote: mchezaji aliye mbele ya mwenzake mwenye mpira amejiotea, hivyo hawezi kushiriki mpaka arudi nyuma au mpira umpite, na kwa ajili hiyo kila shambulizi katika raga hujengwa kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kwa kumtanguliza mtu karibu na lango kama ilivyo katika kandanda.

Mwaka 1871, chama cha raga cha Uingereza kilipoundwa, kila upande ulikuwa na wachezaji 20, na wengi wao walikuwa mafowadi waliojazana katika rundo moja kuuzunguka mpira, wakisukuma na kuupiga teke mpaka utokeze upande wa pili. Katika mchezo wa namna hiyo hakukuwa na swali la mahali pa fowadi, kwa maana palikuwa pamoja tu: pale mpira ulipo. Idadi ilipopunguzwa kuwa 15 katika mwaka 1877, uwanja ulipata nafasi, na nafasi ikaleta fikra. Klabu ya Cardiff ya Wales, katika miaka ya 1880, ilimtoa mtu mmoja kutoka kundi la mafowadi na kumwongeza katika safu ya mabeki, na mgawanyo wa wanane kwa saba uliotokana na hatua hiyo ndio unaotumika mpaka leo. Hata hivyo, mafowadi wenyewe waliendelea kwa muda mrefu kuingia katika skramu kwa kadiri walivyofika, aliyewahi akishika mbele na aliyechelewa akiegemea nyuma, bila mtu yeyote kuwa na mahali pake maalumu.

Desturi hiyo ilitikiswa na timu ya New Zealand iliyozuru Uingereza mwaka 1905 chini ya nahodha Dave Gallaher. Mafowadi wake walikuwa saba tu katika skramu, wawili mbele, watatu katikati na wawili nyuma, na kila mmoja alijua mahali pake kabla filimbi haijalia, ilhali Gallaher mwenyewe alisimama kando ya skramu akiutia mpira na kuwazuia wapinzani wasimfikie mwenzake aliyeupokea. Waingereza walilalamika sana juu ya mtu huyo wa kando, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 sheria ililazimisha safu ya mbele iwe na watu watatu, jambo lililoufuta mpango huo wa New Zealand. Lakini somo lenyewe halikufutika. Fowadi alikuwa ameacha kuwa mtu wa kundi, akawa mtu wa nafasi. Wakati huo huo Afrika Kusini ilikuwa ikijenga skramu ya watatu, wanne na mmoja, ambayo ilienea duniani kote na ndiyo inayofundishwa leo kwa mvulana yeyote anayevaa jezi namba 8 katika shule ya Kakamega au ya Trans Nzoia.

Uhusiano wa Afrika Kusini na nchi inayopakana na Mautuma ni wa karibu kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda uwanda wa Uasin Gishu na magari yake ya kukokotwa na ng'ombe, na mji wa Eldoret ukaanza kujengwa muda mfupi baadaye; kisha, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wastaafu wa Kiingereza wakapewa mashamba Trans Nzoia, na Kitale ikawa mji wao. Makundi yote mawili yalitoka katika jamii zilizoipenda raga. Manowari ya Kiingereza iliyoitwa Enterprise ilitoa kombe ambalo lilianza kushindaniwa mwaka 1930 na ambalo jina lake limedumu mpaka sasa, na kwa miongo kadhaa mashindano hayo yaliwakutanisha wachezaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Ardhi ya Lugari na Mautuma wakati huo ilikuwa ndani ya eneo lililotengewa Wazungu, na Waafrika walioishi humo walikuwa vibarua na maskwota, yaani watu walioruhusiwa kulima kipande kidogo kwa malipo ya kazi yao. Mwanamume wa Kiluhya aliyekata nyasi za uwanja wa mlowezi hakuruhusiwa kuchezea juu yake. Jambo hili halina budi kutajwa bila kulainishwa, kwa kuwa linaeleza kwa nini maarifa ya mchezo yalichelewa kuwafikia watu walioishi hatua chache tu kutoka viwanjani.

Raga ya walowezi yenyewe haikuwa na uhodari mkubwa wa kimataifa. Timu ya Uingereza na Ireland iitwayo Lions, ikirejea kutoka Afrika Kusini mwaka 1955, ilipitia Nairobi na kuishinda Afrika Mashariki kwa alama 39 kwa 12, na iliporudi mwaka 1962 ikashinda kwa alama 50 bila jibu. Alama hizo zinaonyesha umbali uliokuwapo kati ya burudani ya Jumamosi ya wakulima na mchezo uliofundishwa kwa utaratibu.

Baada ya uhuru wa 1963 mashamba ya walowezi wa Lugari yalinunuliwa na kugawanywa kuwa skimu za makazi, Mautuma ikiwa mojawapo, na familia kutoka Maragoli, Bukusu, Kabras na kwingineko zikahamia kwenye vipande vya ekari chache. Wazungu wengi wa Kitale na Eldoret walikuwa wameondoka au walikuwa njiani kuondoka. Mtu angetazamia kwamba mchezo wao ungeondoka pamoja nao, na kweli viwanja vingine vilibaki kuwa malisho. Lakini raga ilikuwa imepata mlango mwingine wa kupita, nao ni shule. Shule za Nairobi zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, zikiwemo zile zinazojulikana leo kama Lenana na Nairobi School, zilifungua milango kwa wanafunzi Waafrika, na wanafunzi hao wakaipeleka raga Chuo Kikuu cha Nairobi. Kombe la Kenya, ambalo ndilo taji la ligi ya taifa, lilianza mwaka 1970. Miaka saba baadaye, katika mwaka 1977, timu ya chuo hicho iitwayo Mean Machine ililitwaa katika msimu wake wa kwanza, na mwaka huo huo ikaundwa klabu ya Mwamba, iliyokusudiwa kuwa nyumba ya wachezaji Waafrika waliokuwa wakipata nafasi kwa shida katika klabu za zamani.

Wahitimu wa vyuo waliporudi mikoani kuwa walimu, waliondoka na filimbi na mpira wa yai. Huyu mwalimu wa hisabati au wa jiografia, anayebaki uwanjani saa kumi jioni bila malipo ya ziada, ndiye mbebaji halisi wa historia hii, ingawa jina lake halimo katika orodha za mabingwa. Maseno, Kakamega, Vihiga na Bungoma zikawa ngome za raga ya shule katika magharibi, na mtoto wa Lugari aliyefaulu mtihani wake wa msingi na kuitwa katika mojawapo ya shule hizo alikutana huko na mchezo ambao babu yake aliuona kutoka upande wa pili wa seng'enge.

Wakati raga ilipokuwa ikiota mizizi katika shule hizo, ushambulizi wenyewe ulikuwa ukibadilika duniani. Mwaka 1964 sheria iliwataka mabeki wa pande zote mbili wasimame yadi 10 nyuma ya lainauti, na hapo nafasi iliyokuwa imezibwa kwa miaka mingi ikafunguka. Thamani ya trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ikapandishwa kuwa alama 4 mwaka 1971 na alama 5 mwaka 1992, ili timu ivutwe kushambulia kuliko kutegemea mikwaju. Mwaka huo wa 1992 sheria pia iliamua kwamba moli ikisimama na mpira usitoke, skramu itapewa upande ambao haukuwa na mpira moli ilipoanza. Mafowadi wakalazimika kuharakisha, na wale waliojua tu kujikusanya wakajikuta wanautoa mpira bure.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja baada ya mchezo kuruhusu malipo mwaka 1995. Kocha Rod Macqueen, akiwa na klabu ya Brumbies ya Canberra na baadaye akiwa na timu ya taifa ya Australia iliyotwaa Kombe la Dunia la 1999, alifundisha timu yake kupanga awamu kadhaa za shambulizi mapema, yaani kujua nani ataubeba mpira katika raki ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla ya mpira kutoka kwenye lainauti. Walinzi nao walijibu. Makocha waliotoka katika raga ya ligi, ambayo ni tawi la mchezo lenye wachezaji 13, waliwafundisha kutandaza ukuta wa watu 13 au 14 kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi mwingine, wakiacha kuingiza watu wengi katika raki. Timu iliyowakimbiza mafowadi wake wote wanane kwenye kila raki ikajikuta inawashambulia walinzi 14 kwa mabeki 7, na hesabu hiyo haikuwa na njia ya kulipika.

Jibu la tatizo hilo ndilo linaloitwa mpangilio wa vikundi, na makocha wa Kenya huvitaja vikundi hivyo kwa jina la podi. Badala ya mafowadi kuufuata mpira, hugawanywa katika upana wa uwanja na kuusubiri uwafikie. Mpangilio unaofundishwa zaidi ni wa 1-3-3-1, ambamo fowadi mmoja husimama karibu na kila mstari wa pembeni, na vikundi viwili vya watu watatu hushika katikati. Upo pia wa 2-4-2, unaoweka wawili kila pembe na wanne katikati, na wa 1-3-2-2, ambao huongeza nguvu upande mmoja ili kumvuta mlinzi asikotarajia kushambuliwa. Tarakimu hizi zinaweza kumchanganya anayezisoma mara ya kwanza, lakini zinahesabu kitu kimoja tu: mafowadi wangapi wako wapi, kutoka kushoto kwenda kulia, wakati mpira bado haujafika.

Uwanja wa raga una upana usiozidi mita 70, na umechorwa mistari ya vipande vipande iliyo umbali wa mita 5 na mita 15 kutoka kila upande. Mistari hiyo ilichorwa kwa ajili ya lainauti, lakini kocha huitumia kama mipaka ya mashamba: fowadi wa pembeni hukaa kati ya mstari wa pembeni na ule wa mita 15, na mita 40 zilizobaki katikati hugawanywa kwa podi mbili, kila moja ikipewa mita 20 za kulima. Katika uwanja wa shule ambako chokaa imefutwa na mvua au haikuwahi kutiwa, mawe manne au chupa za plastiki zilizotiwa maji hufanya kazi hiyo hiyo. Kipindi cha kwanza hufanywa bila mpira kabisa. Kocha hutaja upande ambako raki imetokea, wavulana hukimbia kwenye mashamba yao, naye huhesabu kwa sauti. Akifika tatu, yeyote ambaye hajasimama mahali pake akiwa amegeuza uso mbele na kuinua mikono tayari kupokea, huwa amechelewa.

Ugumu wa zoezi hili hauonekani kwa macho ya mpita njia. Mtoto aliyekua akicheza mpira wa karatasi au wa matambara huukimbilia mpira kwa silika, na kumwambia asimame mita 30 kutoka ulipo ni kumwomba aamini kitu asichokiona. Kocha mzuri hushughulika na imani hiyo kabla ya kushughulika na misuli. Ndani ya podi ya watu watatu, yule wa katikati husimama hatua moja mbele ya wenzake, kama ncha ya mshale, na wote watatu hubaki mita 4 au 5 nyuma ya mstari wa mpira ili waupokee wakiwa katika mwendo. Fowadi anayeupokea akiwa amesimama huangushwa pale pale, na mwenzake anayekuja kumlinda hukuta mlinzi ameshauinamia mpira. Skramu-hafu, yaani mvaa jezi namba 9 anayeutoa mpira kwenye raki, anapourusha, mtu wa katikati ana njia tatu. Anaweza kuubeba mwenyewe na kugongana na ukuta, huku wale wawili wakimfuata ili wauhifadhi mpira mara aangukapo. Anaweza kumpa pasi fupi ya mkono hadi mkono mmoja wa wale wawili, jambo linalobadilisha mahali pa mgongano wakati mlinzi ameshajielekeza kwake. Au anaweza kuurudisha nyuma ya mgongo wa mwenzake kwa flai-hafu, mpangaji wa mashambulizi anayevaa namba 10, aliyejificha nyuma ya podi, na hapo mafowadi watatu huwa pazia tu, na shambulizi lenyewe huanza mita 10 nyuma yao.

Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyobadilisha hadhi ya fowadi. Zamani alipimwa kwa uzito na uvumilivu. Sasa hupimwa pia kwa vidole vyake na kwa jicho lake, kwa kuwa ndiye anayeamua, katika muda usiofika sekunde moja, kama mlinzi aliye mbele yake amesimama au ametoka. Propu, yaani fowadi wa safu ya mbele ya skramu, mwenye kilo 110 anayeweza kutoa pasi hiyo katika matope ya mwezi wa nne ana thamani isiyo na kifani.

Matope hayo si jambo la pembeni katika magharibi mwa Kenya. Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2000 kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri, saa zile zile ambazo mechi huchezwa. Mpira ulioloa huteleza, pasi ndefu huwa kamari, na timu inayolazimisha uwanja mpana katika hali hiyo hujiadhibu yenyewe. Ni rahisi basi kuelewa kwa nini raga ya eneo hili ilipenda moli tangu zamani: lainauti inashinda mpira karibu na mstari wa wapinzani, mafowadi wanamfunga mbebaji ndani ya kundi, na kundi zima linasonga kwa hatua fupi, kwa namna ambayo watu wa Isukha na Idakho, waliozoea kutazama mafahali wakisukumana pembe kwa pembe huko Shinyalu na Khayega, hawahitaji kuelezwa. Hekima ya kocha wa magharibi ilikuwa, na bado ni, kuamua saa ya kukusanya na saa ya kutandaza, na mpangilio wowote ulioandikwa ubaoni bila kuitazama mbingu ni mpangilio wa mji mwingine.

Wakati huo huo nchi nzima ilikuwa ikipata umaarufu kwa mchezo ulio na mafowadi watatu tu. Mashindano ya Safari Sevens yalianza Nairobi mwaka 1996, na raga ya wachezaji saba ikawafaa Wakenya kwa sababu ilitoa tuzo kwa mbio na pumzi. Benjamin Ayimba, mwanafunzi wa zamani wa Maseno aliyewahi kucheza katika safu ya nyuma ya skramu kama nahodha wa taifa, aliiongoza Kenya kama kocha hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la saba kila upande huko Dubai mwaka 2009, na katika mwezi wa Aprili 2016 akawa kando ya uwanja huko Singapore timu yake ilipoishinda Fiji kwa alama 30 kwa 7 katika fainali, ushindi wa kwanza wa Kenya katika mfululizo wa mashindano ya dunia ya raga ya saba. Collins Injera, aliyetoka Vihiga, alifunga trai katika fainali hiyo, na majuma machache baadaye akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya mfululizo huo wakati ule. Ayimba alifariki mwezi wa Mei 2021. Jambo linalostahili kukumbukwa juu yake katika simulizi hii ni kwamba alikuwa fowadi, na kwamba timu yake ya 2016 iliupata mpira mara nyingi kwa kuruka na kugombania mianzo ya mchezo, kazi ya mafowadi, kabla ya wakimbiaji kupata cha kukimbia nacho.

Sifa hizo zilikuwa na gharama yake. Vijana wengi walitaka kuwa Injera, na wachache walitaka kuwa propu. Mwezi wa Novemba 2018 timu ya taifa ya wachezaji 15, Simbas, ilipokwenda Marseille kuwania nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia dhidi ya Canada, Ujerumani na Hong Kong, ilishindwa katika mechi zote tatu, na udhaifu katika skramu na lainauti ulionekana kwa kila aliyetazama. Mpangilio wa podi hauwezi kusimama mahali ambapo mpira wa kwanza haupatikani.

Dawa ya sehemu ya tatizo hilo ilikuwa ikichanganywa tayari katika nchi ya miwa, mwendo mfupi kusini mwa Mautuma kwa barabara inayotoka Webuye kwenda Kakamega. Kiwanda cha West Kenya, kilicho karibu na Malava katika nchi ya Wakabras, kiliidhamini klabu iliyochukua jina la sukari yake, na Kabras Sugar ikafanya lile ambalo klabu za nje ya Nairobi zilikuwa hazijalizoea: iliwapa wachezaji ajira au posho, ikawaweka pamoja, ikawafanyisha mazoezi kama watu wa kazi. Mwaka 2016 iliishinda klabu ya Impala na kulitwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza. Kisha ikaja miaka ya uchungu, ambapo klabu ya KCB ya Nairobi iliishinda Kabras katika fainali za 2017, 2018 na 2019 mfululizo, na mashabiki wa Kakamega wakajifunza kurudi nyumbani kimya.

Kipindi hicho cha kushindwa kina mafunzo mengi kuliko kile cha ushindi. Kabras ilikuwa na mafowadi wenye nguvu tangu mwanzo, lakini dhidi ya ulinzi uliotandazwa vizuri nguvu iliyokusanyika mahali pamoja ilizuiwa mahali pamoja. Klabu ikawaleta makocha na wachezaji kutoka kusini mwa bara, akiwemo kocha Henley du Plessis na flai-hafu Ntabeni Dukisa wa Afrika Kusini, na baadaye kocha Carlos Katywa, pia wa Afrika Kusini, na kutoka Uganda akaja Philip Wokorach. Hivyo, zaidi ya karne moja baada ya magari ya van Rensburg kupanda uwanda wa Uasin Gishu, maarifa ya fowadi yalikuja tena kutoka kusini, safari hii yakialikwa, na yakawekwa mikononi mwa wana wa mahali penyewe. Kabras ililirudisha kombe mwaka 2022 na kuendelea kulishikilia katika misimu iliyofuata, na mafowadi wa safu ya nyuma kama George Nyambua wakawa kielelezo cha mchezaji anayeweza kuingia ndani ya moli katika awamu ya kwanza na kuonekana pembeni, kati ya mistari ya mita 5 na 15, katika awamu ya nne.

Kuwapo kwa klabu bingwa karibu na nyumbani kumebadilisha njia ya maarifa kufika Mautuma. Zamani yalipitia Nairobi kwanza, yakashuka kwa mwalimu, yakafika yakiwa yamepungua. Leo kijana wa Lugari anaweza kupanda matatu Jumamosi, kupitia Webuye na Malava, na kusimama kando ya uwanja wa maonyesho wa Kakamega, au kutazama timu ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro katika mji huo huo, na kuona kwa macho yake kile ambacho kocha wake alikichora kwa kijiti mchangani. Kozi za ngazi ya kwanza za chama cha dunia, kinachoitwa World Rugby tangu mwaka 2014, huwafikia walimu wa mikoani, ingawa nafasi zake hazitoshi na nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Ni haki kusema kwamba kaunti na shule zingeweza kubeba mzigo huo bila shida kubwa, na kwamba mwalimu mmoja aliyefundishwa vizuri huzalisha mafowadi kwa miaka 20.

Ubishi unaoendelea sasa miongoni mwa makocha wa eneo hili unahusu mpangilio upi uwafae vijana wa shule. Wengine hushikilia 1-3-3-1 kwa kuwa ni rahisi kukumbuka na humpa kila mvulana shamba lake. Wengine hupendelea 2-4-2, wakisema kwamba fowadi mmoja akiachwa peke yake pembeni, katika uwanja ulioloa, akiangushwa hana wa kumlinda mpira mpaka wenzake wakimbie mita 20 za tope, ilhali wawili wanaweza kujitegemea, mmoja akibeba na mwingine akiuinamia. Hoja ya pili inaonekana kuwa na uzito zaidi kwa nchi ya mvua, ijapokuwa inaacha podi moja tu katikati na kuwadai mabeki kazi ya kubeba ambayo wengi wao hawaipendi. Kocha anayeijua timu yake huanza msimu na mpangilio mmoja na kuumaliza na mwingine, kadiri mvua za masika zinavyoshika na kuachia.

Katika uwanja wa aina hiyo, kivuli cha mahindi kikiwa kimeshafika mstari wa pembeni, raki inapotokea upande wa kushoto watoto wanaotazama hukimbilia kushoto wote, wakifuata kelele. Upande wa kulia, kwenye chupa ya plastiki inayoashiria mita 15, hubaki mvulana mmoja mrefu aliyevaa namba 4, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele ya kifua, akimtazama mlinzi wake bila kuutazama mpira. Awamu ya kwanza hupita, ya pili hupita. Katika ya tatu skramu-hafu hugeuza kichwa.